Kukwangua barafu kwenye kioo cha gari huku kifundo cha mkono kinauma: mnaoishi kwenye theluji mnafanyaje?

#1 BintiIgunga
Habari zenu wadau. Swali langu ni kwa mnaoishi kwenye baridi, Kanada, Marekani, Ulaya, popote panapoganda.

Niko Winnipeg, Kanada. Gari langu linalala nje, jengo letu halina gereji. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee na zamu inaanza alfajiri, kwa hiyo nikitoka nakuta kioo cha mbele kimeshika barafu, siku nyingine na theluji juu yake. Tangu Desemba kifundo cha mkono wa kulia kinaniuma upande wa kidole gumba. Nikisukuma skrepa, maumivu yanapanda mpaka katikati ya mkono. Nikifika kazini nina wazee wa kugeuza kitandani na mkono tayari umechoka.

Naomba mambo mawili. Hii inaweza kuwa nini? Na mnasafishaje kioo bila kuumiza mkono? Mkono huu ndio unaolisha watu nyumbani, siwezi kuuchezea.

#2 Ngosha_Igoma
Pole sana dada. Sisi Mwanza barafu tunaiona kwenye sangara tu. Nakaa hapa kujifunza.

#3 KakaBoksi
Skrepa yako ni ya aina gani? Kama ni ile fupi ya plastiki inayouzwa kaunta ya kituo cha mafuta, tatizo ni hilo hilo. Mpini mfupi unakulazimisha ukunje kifundo ndipo ufike katikati ya kioo, halafu unasukuma kwa nguvu huku kimekunjwa. Nunua yenye mpini mrefu unaovutika, shika kwa mikono miwili, sukuma kwa bega na uzito wa mwili. Kifundo kibaki kimenyooka. Hapa Columbus watu wa boksi wote tumehamia huko.

#4 MamaPacha_MN
BintiIgunga, hayo maumivu nayajua. Yalinipata baada ya kujifungua mapacha. Nilikuwa nawanyanyua kwa kuwashika makwapani, vidole gumba vimetanuka, na majira yenyewe ya baridi, natoka nje kukwangua kioo. Daktari aliniambia ni ugonjwa wa De Quervain, kano za kidole gumba zinavimba pale zinapopita kwenye ala yake kando ya kifundo.

Jaribu hivi: kunja kidole gumba ndani ya ngumi, halafu inamisha mkono upande wa kidole cha mwisho. Ukiruka kwa maumivu, umepata jibu.

#5 MtuWaFizio
Salaam. Nilisomea fiziotherapia KCMC Moshi, sasa niko Leeds.

MamaPacha_MN ameeleza vizuri, ila niongeze mawili. Jina linatokana na Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1895. Na kile kipimo cha ngumi, hata mtu mzima wa afya anaweza kuhisi kuvutwa na kuuma kidogo, kwa hiyo peke yake hakitoshi kuhukumu. Linganisha na mkono wa kushoto. Kama kulia kunauma vikali na kushoto ni mvuto tu, hapo kuna la kufuatilia.

Dada, nikuulize: vidole vinakufa ganzi usiku?

#6 BintiIgunga
Nimejaribu. Kulia kunauma sana kuliko kushoto. Na ndiyo, kuna usiku naamka vidole vimekufa ganzi, gumba, cha shahada na cha kati. Naukung'uta mkono ndipo unarudi. Nilidhani naulalia.

KakaBoksi, ndiyo, ni ile fupi.

#7 MtuWaFizio
Hapo sasa picha inabadilika. Ganzi ya vidole hivyo vitatu na nusu ya kidole cha pete, inayokuja usiku na kupungua ukikung'uta mkono, inaelekeza kwenye neva ya kati kubanwa ndani ya njia yake kwenye kifundo. Kidole cha mwisho huwa hakihusiki kwa sababu kinahudumiwa na neva nyingine. Mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Wajawazito, wenye kisukari na wenye upungufu wa homoni ya tezi la shingo hupata zaidi, kwa hiyo si lazima iwe theluji peke yake.

#8 MzeeWaUgogoni
Mnazunguka bure. Hii ni baridi yabisi. Mtu umezaliwa Tabora kwenye jua, unakwenda kusimama nje nyuzi 30 chini ya sifuri, baridi itaachaje kuingia kwenye mifupa? Achue mafuta ya karafuu, afunge na kitambaa cha sufu.

#9 MtuWaFizio
Mzee wangu shikamoo. Karafuu achue, haina ubaya kama ngozi haina mchubuko. Lakini baridi yabisi ile yenyewe kwa kawaida hushika mikono yote miwili, vifundo vya vidole vinavimba, na asubuhi mtu anakaa muda mrefu mikono haikunjiki. Dada ametaja mkono mmoja.

#10 MzeeWaUgogoni
Marahaba. Huanza mmoja.

#11 LimuruHadiLowell
Niaje watu wa Bongo. Mimi niko Lowell, Massachusetts. Mzee hajakosea kabisa. Vidole vikipoa sana hujui tena unashika kwa nguvu kiasi gani, so unakaba mpini zaidi ya inavyohitajika. Glavu nene nazo hivyo hivyo, mpini unateleza, unakaza. Baridi inaumiza kupitia mkazo.

Nilichofanya mimi: nilichukua ile sponji nyeusi ya kufunikia mabomba ya maji, nikakata kipande, nikavalisha mpini na kufunga kwa tepu. Mpini mnene haukazwi sana. Ndani glavu nyembamba yenye mpira kiganjani, juu yake ile kubwa. Nikianza kukwangua navua kubwa.

#12 DadaWaTampere
Hapa Finland nashangaa mnapigana na barafu kwa mkono. Sehemu za kuegesha za majengo mengi zina nguzo za umeme. Unachomeka gari usiku, unaweka saa, asubuhi kifaa kimepasha injini. Wengi wana na kihita kidogo ndani ya gari. Unatoka, barafu imeshalegea, unaipangusa kwa brashi.

#13 KakaBoksi
Dada, Winnipeg nako wanachomeka. Jimbo lake, Manitoba, umeme wake ni wa maji, bei nafuu, na magari mengi yana waya unaning'inia mbele kama ulimi. Ila ile hita ya injini haipashi kioo. Inafanya injini iwake na hewa ya moto ije mapema, basi. Kihita cha ndani ni kifaa kingine.

#14 BintiIgunga
Waya ninao, na soketi ipo kwenye kituo changu cha kuegesha. Nilikuwa nachomeka ili gari liwake tu. Hicho kihita cha ndani sikukijua, nitauliza.

Kuna jambo sikulisema mwanzo kwa sababu sikuona linahusiana. Wiki za mwisho za Novemba niliteleza kituo cha basi, nikaangukia kiganja cha mkono huo huo. Uliuma siku chache ukatulia.

#15 MtuWaFizio
Dada yangu, hilo ndilo ungeanza nalo.

Mtu akianguka akajikinga kwa kiganja, kuna mfupa mdogo chini ya kidole gumba unaoweza kupasuka. Nyoosha kidole gumba juu, utaona kishimo kati ya kano mbili kwenye kifundo. Bonyeza hapo. Kama panauma, usisubiri, nenda wakapige eksirei. Na ujue kwamba eksirei ya mwanzo inaweza kutoka safi wakati mfupa umepasuka, ndiyo maana wanafunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14, au wanatumia kipimo kikubwa zaidi. Mfupa huo damu yake inaingilia upande wa mbali, ukikatika katikati kipande cha upande wa pili kinaweza kukosa damu kikafa. Si jambo la kuchua.

#16 MamaPacha_MN
Jamani. Dada nenda.

#17 Ngosha_Igoma
Kumbe theluji ina mambo hivi. Mimi nilidhani mnapigia picha tu na makoti.

#18 MwanaGoma
Jambo bandugu. Miye niko Buffalo, New York. Kila mtu anasema barafu, lakini huku kinachovunja mikono ni theluji yenyewe. Upepo unapita juu ya ziwa Erie unabeba mvuke, unatumwagia sisi. Mliona dhoruba ya Desemba 2022, watu walikufa, wengine ndani ya magari yao.

Theluji kavu unaipuliza na brashi. Ile yenye maji ni nzito, usiisukume yote mara moja. Kata vipande, sukuma kidogo kidogo. Brashi ya manyoya haifai, tafuta yenye kichwa kipana cha sponji, kama jembe la kusukumia. Anza juu ya paa. Ukianza kioo halafu paa, unafanya kazi mara mbili. Na usiache theluji kwenye paa, ukifunga breki inakuja yote mbele, au inarukia gari la nyuma yako.

#19 LimuruHadiLowell
Na kisheria. New Hampshire hapo jirani yangu kuna sheria maalum ya kusafisha gari lote, Pennsylvania nao waliweka yao 2022. Mtu akitoboa katundu kadogo ka kuchungulia halafu aingie barabarani, hiyo ni hatari kwa kila mtu.

#20 Mjerumani_Mweusi
Ujerumani hako katundu ni faini ya euro 10. Na kuwasha gari likinguruma huku unakwangua nako ni kosa. Kwa hiyo ushauri wa "washa gari, subiri" huku haupo kabisa.

#21 FundiKioo
Nimechelewa. Nafunga vioo vya magari hapa Toronto, nilianzia Gerezani Dar. Hapa kanuni ya jiji ni injini isingurume imesimama zaidi ya dakika 1 ndani ya dakika 60. Kila mtu aangalie ya mji wake.

Naona hakuna aliyetaja maji ya moto, nashukuru, lakini najua kuna anayeyafikiria. Usimwage. Kioo cha mbele ni vioo viwili vimegandishwa kwa utando wa plastiki katikati. Upande wa nje ukipanuka ghafla na wa ndani bado umeganda, kama kuna katundu ka kokoto ufa unatembea kioo kizima. Januari nzima ndiyo kazi yangu hiyo. Na maji yenyewe kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri yanaganda upya, tena yanaingia kwenye mpira wa mlango.

#22 Chalii_Wa_Ngarenaro
Vipi kuweka maji ya uvuguvugu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, ukapitisha juu ya kioo? Nimeona video.

#23 FundiKioo
Mfuko ni afadhali kwa sababu hakuna maji yanayobaki kwenye kioo, na kwa umande ulioganda kwenye baridi ya kawaida unafanya kazi. Kioo chenye ufa tayari, sikushauri. Na kwa mtu mwenye mkono mbovu, ule mfuko ni mzito kuushika na kuuzungusha.

#24 MtotoWaPwani_Bergen
Chumvi je? Au kusugua kitunguu usiku uliotangulia? Mama mwenye nyumba wangu aliniapia.

#25 FundiKioo
Chumvi inakula bati na rangi, iache kwenye barabara. Kitunguu pika.

Spirti ndiyo kitu. Ile ya kusafishia vidonda ya asilimia 70, sehemu 2 kwa 1 ya maji, kwenye chupa ya kupuliza. Inayeyusha kwa sababu alkoholi haigandi haraka. Isopropili tupu huganda nyuzi 89 chini ya sifuri. Ukichanganya na maji nguvu inapungua, kwa hiyo kwenye baridi ya Winnipeg usitegemee muujiza. Huko ni bora maji ya waipa yale yaliyoandikwa nyuzi 40 chini ya sifuri, mimina kwenye chupa, puliza, subiri dakika mbili, pangusa. Usivute sigara karibu. Na usisubiri mno, alkoholi ikishakauka kile kimaji kilichobaki kinaganda tena.

Usitumie ile dawa ya rejeta ya kuzuia kuganda. Ni sumu, paka na mbwa wanailamba kwa sababu ni tamu.

#26 KakaBoksi
Chupa yenyewe ya kupuliza ina kifyatuo. Kidole gumba na shahada, tena mara nyingi. Kwa huyu dada ni shida juu ya shida. Atafute ile ya kupampu kwanza hewa halafu unabonyeza tu, wanaouza vifaa vya bustani wanazo.

#27 MtuWaFizio
KakaBoksi, hilo nitalitumia kwa wagonjwa wangu. Shukrani.

#28 MtuWaMakete
Wengi mnadhani Tanzania hakuna haya. Nilikuwa dereva wa lori la viazi Makete, na Kitulo ukilala huko mwezi wa 6 au wa 7 unaamka sakitu imejaa majanini na kioo cheupe. Viazi vinaungua majani kwa hiyo baridi. Hatukuwa na skrepa. Jioni tunafunika kioo kwa turubai au gunia, tunalibana kwa milango. Asubuhi unalivuta, kioo kavu. Kama ulisahau, unasubiri jua, unakunywa chai.

Na tuliligundua jambo: lori lililolala chini ya mti au kando ya ghala halishiki kama lile lililolala uwanjani.

#29 LimuruHadiLowell
Hiyo ni kweli, hata kwetu majani chai yanachomwa na frosti usiku usio na mawingu. Kioo kinapoteza joto lake kuelekea angani, kinakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Ndiyo maana unaweza kukuta barafu kwenye kioo wakati kipimajoto kinasema nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri. Paa, mti au turubai vinazuia.

#30 DadaWaTampere
Halafu elekeza pua ya gari mashariki kama unaweza, jua la asubuhi likusaidie.

#31 BintiIgunga
Zamu yangu jua halijatoka. Januari huku linachomoza karibu saa 2 na nusu asubuhi.

#32 DadaWaTampere
Basi turubai la Makete.

#33 Mjerumani_Mweusi
Yanauzwa yaliyoshonwa kabisa, yenye masikio ya kubana kwenye milango na sumaku pembeni. Kasoro ni moja: mvua ikinyesha juu yake kisha ikaganda, turubai linashikana na kioo. Ukibandua kwa nguvu unarudi kwenye mkono ule ule.

#34 Chalii_Wa_Ngarenaro
Waipa je? Naona watu wanaziacha zimesimama juu kama pembe za swala.

#35 FundiKioo
Zinainuliwa ili mpira usigandie. Lakini usiku wa upepo mkali waipa ikidondoka kwa spring yake inaweza kupasua kioo. Kwenye turubai, ziache chini, turubai juu yake. Na asubuhi usiwashe waipa kabla hujahakikisha ziko huru, zikigandia unachoma mota.

#36 MwanaGoma
Mpangilio wangu, kwa wenye ruhusa ya kuwasha gari. Kwanza naondoa theluji kwenye bomba la moshi, kabla ya ufunguo. Likiziba, ile gesi ya moshi inaingia ndani na haina harufu, inaua mtu amekaa kwenye kiti. Watoto wasikae ndani wakati unasafisha. Halafu nawasha, hewa yote kwenye kioo, mbele na nyuma. Wakati inapasha, nasafisha paa, taa, vioo vya pembeni. Kioo cha mbele nakiacha mwisho. Pale nikifika barafu imeachia chini, inatoka vipande vipande, mkono hausukumi.

Mtu akianza na kioo cha mbele anapigana na barafu ikiwa bado na nguvu zake zote.

#37 KakaBoksi
Bandiko la mwaka hili. Tofauti yake na wengi wetu ni huo mpangilio tu, vifaa ni vile vile.

#38 MtotoWaPwani_Bergen
Hewa iwe ya nje, msiweke ile ya kuzungusha ndani. Na washeni AC ikaushe ukungu.

#39 FundiKioo
Ya nje, sahihi. AC kwenye baridi kali magari mengi yanazima kompresa yenyewe, kwa hiyo utawasha taa tu. Kama kioo kinaganda kwa ndani, angalia maji kwenye zulia la miguuni. Theluji ya viatu inayeyuka, inapanda, inaganda kwenye kioo. Kung'uta viatu kabla ya kuingia. Kukwangua kwa ndani ndiko kunakokunja kifundo vibaya kuliko kokote.

#40 MzeeWaUgogoni
Wanangu, hata kijana wa kukwangua kwa malipo kidogo hakuna huko? Kila jambo mtu afanye peke yake?

#41 BintiIgunga
Mzee shikamoo. Nilimwomba jirani, kijana wa Eritrea, anakuja akiwa hayuko kazini. Lakini zamu zetu hazilingani.

#42 MamaPacha_MN
Sisi huku kwenye jengo letu kina mama wa zamu ya alfajiri tuna kundi la simu. Anayetoka wa kwanza anawasha na kuanza, wengine wanashuka, tunazunguka gari kwa gari. Mwenye mkono mbaya anapewa brashi, mwenye mkono mzima skrepa. Niliona ni jambo dogo mpaka lilipokosekana nilipohamishwa zamu.

#43 Chalii_Wa_Ngarenaro
Mkono wa kushoto vipi? Kwa nini asibadilishe tu?

#44 MtuWaFizio
Abadilishe, nusu ya kioo kulia, nusu kushoto, kabla ya kuuma na si baada. Barafu ikiwa nene, tumia kwanza yale meno ya nyuma ya skrepa, chora mistari uikate, ndipo upande bapa uingie chini. Usigonge kama unapasua kuni, kila pigo linaingia kwenye kifundo. Na asimame karibu na gari, atoe upande mmoja kisha azunguke upande wa pili. Kujinyoosha juu ya boneti kufikia ng'ambo ndiko kunakomaliza watu.

#45 LimuruHadiLowell
Kama gari ni refu apande kastuli kadogo.

#46 KakaBoksi
Stuli kwenye barafu? Ameshaanguka mara moja huyo. Skrepa ndefu.

#47 MtotoWaPwani_Bergen
Skrepa za shaba nyeupe jamani, wanazipenda sana huku Norway. Ule ubapa mwembamba unakata barafu kwa nguvu ndogo kuliko plastiki.

#48 Mjerumani_Mweusi
Zinakwaruza kioo.

#49 FundiKioo
Metali hiyo ni laini kuliko kioo, haikwaruzi yenyewe. Kinachokwaruza ni mchanga ulioganda ndani ya barafu, na mchanga unakwaruza hata ukiwa na plastiki. Ila kwa nyaya za joto kwenye kioo cha nyuma, upande wa ndani, usiguse na kitu chochote kigumu.

#50 BintiIgunga
Mrejesho. Nilikwenda kliniki. Daktari alibonyeza kile kishimo, paliuma kiasi. Eksirei imetoka safi, lakini amenipa banzi linaloshika mpaka kidole gumba na kusema nirudi wiki 2 zijazo wapige tena. Akasema kano nazo zinaonekana kuvimba. Ganzi ya usiku akasema tuiangalie, ikiendelea atanipeleka kupimwa neva. Kazini wamenipunguzia kunyanyua kwa muda. Banzi naruhusiwa kulivaa nikiendesha kama nashika usukani vizuri, yeye aliniambia nijaribu kwanza kwenye maegesho.

#51 MamaPacha_MN
Kano zimevimba. Nilisema.

#52 MtuWaFizio
Eksirei ya pili ndiyo itakayoongea. Na ganzi haielezwi na kano za kidole gumba.

#53 MzeeWaUgogoni
Picha safi. Mfupa mzima. Baridi yabisi haionekani kwenye picha ikiwa changa. Mafuta ya karafuu.

#54 KakaBoksi
Na mimi bado nasema ni ile skrepa ya kaunta. Mkono ulioumia Novemba ungepona kama usingepewa mpini mfupi Desemba.

#55 MamaPacha_MN
Wakikupa dawa za kutuliza maumivu za jamii ya ibuprofeni, waambie kama una vidonda vya tumbo, presha au figo. Na banzi usilivae tu asubuhi ukalivua ukifika kazini kwa sababu unaona aibu. Mimi lilinisaidia nilipolivaa mfululizo. Baadaye nilichomwa sindano ya steroidi, ikatulia.

#56 MtuWaFizio
Na banzi haliruhusu kukwangua. Linakuzuia kukunja kifundo, halizuii nguvu ya kukaba mpini. Kwa wiki hizi 2 mkono huo usishike skrepa.

#57 BintiIgunga
Sawa. Nimepata kihita kidogo cha ndani, kimefungwa na fundi, nachomeka pamoja na ile ya injini. Asubuhi ya leo nilitumia brashi tu kwa mkono wa kushoto. Sasa nataka turubai la kioo. Nimeona ya saizi tatu dukani na sielewi nichukue ipi. Gari ni sedani.

#58 MtuWaMakete
Chukua kubwa. Lifunike na waipa.

#59 Ngosha_Igoma
Mimi sina gari wala theluji lakini nimefuatilia mpaka hapa. Nijulisheni eksirei ya pili.

#60 FundiKioo
Usinunue kwa jina la saizi, kila kiwanda kina yake. Pima kioo chini, usawa wa waipa, pembe hadi pembe, maana pale ndipo kipana. Ongeza sentimita 20 kila upande kwa ajili ya masikio ya kuingia mlangoni. Na kabla ya kulifunika pangusa kioo kikauke, hita ikiwa imezimwa muda kidogo. Kioo cha moto kikifunikwa theluji ikianguka, inayeyuka, inapenya chini ya turubai na kuganda humo humo.